Sarafu za feza za koko: kuzituma zikapimwe daraja, ni faida ao ni hasara?

Kule Uvira, Bukavu, Kalemie ao Kindu, hadithi inafanana. Kilio kimeisha, siku za matanga zimepita, familia inafungua sanduku la marehemu. Chini ya vitenge, ndani ya kitambaa kilichofungwa fundo, kunatokea sarafu nzito tatu, ine. Moja ina sura ya mzee mwenye ndevu ndefu. Ingine ina tembo. Ingine ina askari mkubwa ambaye juu ya kofia yake ya chuma kuna ndege tai.

Hapo maneno yanaanza. Kijana mmoja anapiga picha na kuiweka kwenye WhatsApp. Jirani anakuja kuangalia. Mwingine anasema kwa sauti ya mtu mwenye kujua: "Iyi kitu Bazungu banalipaka makuta mingi. Muitume kule Marekani baipime, itarudi na bei ya nyumba." Kisha mchuuzi anapita asubuhi na kutoa dola kumi kwa zote pamoja. Familia inabaki kati kati: kuuza kwa dola kumi, ao kutuma mbali na kungojea nyumba?

Jibu fupi ni hili: kwa sarafu nyingi zinazotoka katika masanduku ya wazee, kulipia kipimo cha Marekani ni hasara. Kwa chache, ni faida ya kweli. Na tofauti kati ya zile nyingi na zile chache inaweza kujulikana nyumbani, mbele ya kutoa hata dola moja.

Kupimwa daraja maana yake nini

Kuna kampuni ambazo kazi yao ni kuangalia sarafu za zamani na kusema mambo mawili: je, ni ya kweli, na hali yake ni gani. Mbili zinazojulikana zaidi duniani ni PCGS, iliyoanza mwaka 1986, na NGC, iliyoanza mwaka 1987. Zote mbili ni za Marekani. Wataalamu wake wanaitazama sarafu chini ya taa, wanaipa namba kuanzia 1 mpaka 70, kisha wanaifunga ndani ya kisanduku kigumu cha plastiki pamoja na karatasi ndogo yenye jina la sarafu, namba ya hali na namba ya utambulisho. Mnunuzi aliye Brussels ao Tokyo anaweza kuandika ile namba ya utambulisho kwenye intaneti na kuhakikisha kwamba kisanduku si cha uongo.

Namba 70 ni sarafu isiyo na kasoro yoyote. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambayo haikutumika sokoni hata siku moja. Chini ya hapo ni zile zilizopita mikononi mwa watu, na kadiri zilivyochakaa ndivyo namba inavyoshuka. Katika minada ya Ubelgiji na Ufaransa, watu hutumia zaidi herufi za Kifaransa: TB kwa sarafu iliyotumika lakini inasomeka vizuri, TTB kwa iliyotumika kidogo, SUP kwa ile nzuri sana, na FDC kwa ile iliyo kama siku ilipotoka kiwandani.

Jambo moja lieleweke. Kampuni hizo haziongezi feza ndani ya sarafu wala hazinunui sarafu. Zinachouza ni uhakika. Mnunuzi ambaye hawezi kuishika sarafu mkononi analipa zaidi juu ana hakika. Pahali ambapo hakuna mashaka, ao ambapo sarafu ni ya bei ndogo, uhakika huo hauna faida kubwa.

Sarafu zinazoonekana upande wa mashariki

Ya kwanza ni ile ya mzee mwenye ndevu. Ni Léopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, wakati Kongo ilipoitwa Inchi Huru ya Kongo na ilikuwa mali yake mwenyewe. Sarafu yake kubwa ni ya faranga 5. Ina gramu 25, upana wa milimita 37, na feza safi sehemu 900 juu ya 1,000. Ilitengenezwa kwa miaka minne tu: 1887, 1891, 1894 na 1896. Ya mwaka 1887 ni adimu zaidi, maana vilitoka vipande karibu 8,000 tu. Kuna pia ndogo zake: faranga 2 yenye gramu 10, faranga 1 yenye gramu 5, na santimu 50 yenye gramu 2 na nusu. Hizo ndogo zina feza sehemu 835 juu ya 1,000.

Ya pili ni ile ya tembo, faranga 50 ya mwaka 1944, iliyotolewa na benki ya Kongo ya Wabelgiji wakati wa vita vya pili vya dunia. Ina gramu 17 na nusu, lakini nusu yake tu ndiyo feza. Vilitengenezwa vipande milioni moja. Hapa watu wengi wanajidanganya, kwa sababu tembo yuko pia kwenye sarafu za faranga 1, 2 na 5 za miaka ile ile ya 1940, na hata kwenye ile faranga 2 ya mwaka 1943 yenye pembe sita. Zote hizo ni za shaba ya njano. Si feza.

Ya tatu ni rupia ya Wadachi. Kabla ya mwaka 1916, Rwanda na Burundi zilikuwa chini ya Ujerumani, na rupia ilitumika mpaka pembeni mwa ziwa Tanganyika. Ndiyo maana inapatikana Uvira na Kalemie. Sura ni ya mfalme Wilhelm wa Pili amevaa kofia yenye tai, na kando yake imeandikwa GUILELMUS II IMPERATOR. Ina gramu 11.66 na feza sehemu 917 juu ya 1,000. Za mwanzo, za 1890 mpaka 1902, zilikuwa za kampuni ya Wajerumani na nyuma zina simba na mtende. Zilizofuata, za 1904 mpaka 1914, zilikuwa za serikali.

Ya ine ni ile ya mama mnene mwenye kitambaa kichwani, na mwaka 1780. Huyo ni Maria Theresa, malkia wa Austria. Sarafu yake, ya gramu 28, ilizunguka sana Zanzibar na katika inchi za Waarabu. Watu wanaona 1780 na moyo unaruka. Lakini malkia huyo alipokufa, mwaka ule ule wa 1780, viwanda viliendelea kuipiga na tarehe ile ile, kwa sababu wafanyabiashara hawakukubali ingine. Inaendelea kutengenezwa mpaka leo. Nyingi kati yake bei yake haipiti mbali na bei ya feza iliyo ndani.

Zinazobaki, kama zile za shaba nyekundu zenye tundu kati kati na nyota, ao ile faranga 1 yenye mti wa mngazi, ni kumbukumbu nzuri lakini si za feza.

Mbele ya yote: ni feza kweli?

Sarafu za uongo ni nyingi, na zile zenye sura ya Léopold na Maria Theresa zinaigwa sana. Kuna vipimo vitatu ambavyo haviharibu kitu.

Kwanza sumaku. Feza haivutwi na sumaku. Sarafu ikigandama, mambo yameisha. Lakini isipogandama bado haijashinda, kwa sababu shaba pia haivutwi.

Pili mizani. Hapa wakaaji wa mashariki wana bahati: karibu kila mji una mnunuzi wa zahabu mwenye mizani ndogo inayosoma sehemu za gramu. Faranga 5 ya Léopold inapashwa kukaribia gramu 25. Ikichakaa inaweza kupoteza kidogo, lakini ikipima 21 ao 27, kuna shida.

Tatu maji. Kikombe cha plastiki chenye maji kinawekwa juu ya mizani, na mizani inarudishwa kwenye sifuri. Sarafu inafungwa na uzi mwembamba, inazamishwa yote ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni, na namba inasomwa. Kwa faranga 5 ya Léopold, mizani itaonyesha karibu gramu 2.4. Ikionyesha karibu 2.8 ao 2.9, ile ni shaba iliyopakwa rangi ya feza, hata kama uzito wa kwanza ulikuwa sawa. Dakika tano tu, na familia imeokoa pesa za safari.

Kwa Maria Theresa kuna alama ingine: kwenye ukingo wake kumeandikwa kwa Kilatini IUSTITIA ET CLEMENTIA, maana yake haki na huruma. Ukingo usio na maneno hayo unaleta mashaka makubwa.

Kosa la majivu na ndimu

Kitu cha kwanza ambacho watu wengi wanafanya wakiona sarafu nyeusi ni kuisugua. Majivu na ndimu, dawa ya meno, mchanga laini, ili ing'ae mnunuzi aipende. Hapo ndipo bei inapokufa.

Ule weusi si uchafu. Feza inapokaa miaka mingi katika hewa, inashika rangi ya kijivu, ya kahawia, wakati mwingine ya bluu pembeni. Kwa mkusanyaji wa sarafu, rangi hiyo ni kama mvi za mzee: inaonyesha kwamba hakuna mtu aliyeigusa. Kusugua kunaacha mikwaruzo midogo sana ambayo jicho la kawaida halioni, lakini taa ya mtaalamu inaona mara moja. Kampuni za kupima hazitoi namba kwa sarafu iliyosuguliwa. Zinaandika tu kwamba ni ya kweli lakini ilisafishwa, na mnunuzi anapunguza bei.

Hali ni ile ile kwa sarafu iliyotobolewa ili ivaliwe shingoni, ao iliyounganishwa na kipini cha mapambo. Hizo ni nyingi, kwa sababu mama wengi wa zamani walizivaa. Zina thamani kwa familia, na feza yake inabaki feza, lakini kuzituma zikapimwe daraja ni kutupa pesa.

Hesabu ya kufanya

Swali la kujiuliza si "sarafu hii ina bei gani?" Swali ni: "Bei yake itapanda kwa kiasi gani juu ya ile karatasi, na ile karatasi itakula ngapi?"

Bei ya chini kabisa inatoka katika uzito wa feza. Wanunuzi wa dunia wanahesabu kwa aunsi ya gramu 31.1. Faranga 5 ya Léopold ina feza safi gramu 22.5, rupia ina karibu 10.7, tembo wa 1944 ana 8.75, na Maria Theresa ana karibu 23.4. Kwa mfano, siku ambayo aunsi iko kwenye dola 30, feza iliyo ndani ya Léopold ni dola 21 na kitu, na iliyo ndani ya tembo ni dola 8 na kitu. Bei ya feza inabadilika kila siku, lakini njia ya hesabu haibadiliki. Mchuuzi wa dola kumi kwa sarafu ine za aina hizo hakukuja kusaidia mtu.

Juu ya feza kuna bei ya wakusanyaji. Hapo sarafu hazilingani. Faranga 5 ya Léopold iliyo katika hali nzuri inahesabiwa kwa mamia ya dola. Tembo wa 1944 na rupia za kawaida kwa kawaida zinabaki katika makumi ya dola, isipokuwa zile ambazo hazikutumika kamwe.

Kisha gharama. Kampuni ya kupima inalipisha kwa kila sarafu, na kadiri sarafu ilivyo ya bei, ndivyo malipo yanavyopanda. Juu yake kuna ada ya uanachama ao malipo ya mtu wa kati, kisha kutuma, bima, na kurudisha. Ichukuliwe mfano wa familia ambayo, kila kitu kikihesabiwa, inatumia dola 150 kwa sarafu moja. Ikiwa ni tembo ambaye angeuzwa dola 60 bila karatasi na 90 akiwa na karatasi, faida ni dola 30 na gharama ni 150. Familia imepoteza dola 120. Ikiwa ni Léopold mwenye ndevu zinazoonekana unywele kwa unywele, ambaye angeuzwa dola 400 bila karatasi na 800 akiwa nayo, basi dola 150 zimezaa 400. Namba hizi ni za mfano tu. Lakini zinaonyesha kwa nini jibu moja haliwezi kufaa sarafu zote.

Kwa kifupi, kuna sababu ya kupimisha ikiwa mambo matatu yanakutana: sarafu ni ya aina adimu ao ya bei kubwa, hali yake ni nzuri, haikusuguliwa wala kutobolewa, na familia imeamua kuiuza. Kama familia inataka kuitunza kama ukumbusho wa koko, bahasha ya karatasi kavu inatosha. Mifuko ya plastiki laini iepukwe, maana kuna aina ambazo baada ya muda zinatoa majimaji ya kijani yanayokula sarafu.

Njia ya kupitia

Kutuma sarafu kutoka mashariki si kazi nyepesi. Tangu uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa mwezi wa kwanza mwaka 2025, njia za vifurushi zimekuwa ndefu, na kila mpaka unaongeza mkono mmoja zaidi. Inapasa pia kukumbuka kwamba Kongo ina sheria ya kulinda mali za utamaduni tangu mwaka 1971. Mbele ya kutoa kitu cha zamani inje ya inchi, ni vizuri kuuliza ofisi ya utamaduni ya jimbo, na kuitangaza kwa watu wa duane, DGDA. Kuificha ndani ya soksi kunaweza kugeuza urithi kuwa kesi.

Kuna njia ya bei ndogo ambayo wengi hawaijui: kuanza na picha. Sarafu inawekwa juu ya karatasi nyeupe, karibu na dirisha, inapigwa picha pande zote mbili na ukingo, pamoja na picha ya mizani ikionyesha uzito. Kwenye Numista, katalogi ya bure ya intaneti, mtu anaweza kutafuta sarafu ile ile na kulinganisha. Nyumba za mnada za Ubelgiji zinauza sarafu za Kongo mara kwa mara, na kwa kawaida zinaweza kutoa maoni ya kwanza kwa kuangalia picha. Zikiona sarafu inastahili kupimwa daraja, mara nyingi zinaweza kuipeleka zenyewe na kukata gharama katika bei ya mauzo. Kwa namna hiyo, anayebeba hatari ya hesabu mbaya ni mtu anayejua soko, si mjane wa Kalemie.

Makaratasi mbele ya safari

Mara nyingi ni ndugu aliye Ulaya anayeombwa kuibeba. Hapo ndipo sarafu zimevunja familia kuliko umaskini. Miaka miwili inapita, sarafu haijarudi, simu haishikwi, na kila mmoja anasema lake.

Dawa yake ni karatasi moja. Mbele ya sarafu kutoka nyumbani, wenye haki ya urithi wakae pamoja, waandike: aina ya sarafu, mwaka, uzito kwa gramu, kasoro zinazoonekana, nani anaibeba, mpaka tarehe gani, bei ya chini ambayo haipashwi kuuzwa chini yake, na namna makuta yatakavyogawanywa. Kila mmoja atie sahihi, na kila mmoja abaki na picha. Ule uzito ni muhimu: sarafu iliyotoka na gramu 24.87 inapashwa kurudi na gramu 24.87. Ikirudi na 23, si ile.

Na kama hakuna mtu wa kuaminika wa kuibeba, hiyo pia ni jibu. Feza haiozi. Sarafu iliyongojea tangu wakati wa Léopold inaweza kungojea miaka mingine miwili ndani ya bahasha yake, bila majivu, bila ndimu, mpaka njia ipatikane.